Linda Tundu: Kubadilisha Boljointi ya Nyuma Nyumbani, Dodoma

Gari likianza kutoa mlio wa kugonga upande wa nyuma, neno la kwanza utakalosikia Dodoma ni shokapu. Hujamaliza hata kueleza, fundi ameshaegemea bampa, amelikandamiza mara mbili na amekutajia bei. Nimeona shokapu nzima kabisa zikifunguliwa, mpya zikafungwa, na mwenye gari akaondoka na kelele ileile aliyokuja nayo. Langu nalo lilifanyiwa hivyo kwenye gereji moja hapa mjini. Ndipo nikaamua kulala chini ya gari mwenyewe, na nilichokikuta ni boljointi ya nyuma iliyokwisha, yaani kiungo chenye tufe la chuma linalozunguka ndani ya ganda lake. Wengi hawajui hata kama nyuma kuna boljointi, maana tumezoea kwamba hizo ni habari za mbele, kwenye usukani.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz C-Class ya W203, toleo lililotengenezwa kati ya 2000 na 2007, likaletwa nchini limeshatumika, kama mengi tunayoendesha. Nyuma halina ekseli moja nzima kama ya Hiace. Kila gurudumu linashikwa na amu tano, yaani mikono ya chuma inayoliunganisha na gari, kila amu na kazi yake: ipo inayozuia gurudumu lisirudi nyuma, ipo inayozuia lisilale, ipo inayolishika mwelekeo. Mfumo huu Mercedes-Benz waliuleta na modeli ya 190 mwaka 1982 na wameendelea nao miaka mingi kwa sababu gari linatulia barabarani ajabu. Ila utulivu huo unadai kila kiungo kiwe kizima. Kiungo kimoja kikilegea, gurudumu linaanza kujielekeza lenyewe, na unachokisikia kwenye usukani ni kama kuna mtu mwingine anaendesha nyuma.

Amu nene kuliko zote ni ya chini. Ndiyo inayobeba springi, na shokapu inafungwa hapohapo. Mwisho wake wa nje unakutana na kibebeo cha gurudumu, yaani lile pande la chuma linaloshika beringi, na hapo wanapokutana ndipo ilipo boljointi. Uzito wote wa kona hiyo ya gari unapita pale kati ya springi na gurudumu. Kwa umbo haifanani na boljointi ya mbele yenye kijiti na nati mwishoni. Hii ni bomba fupi la chuma lililoshindiliwa ndani ya tundu la kibebeo, katikati yake kuna tufe lenye tundu, na bolti ndefu inapita humo kuiunganisha na amu. Pande zote mbili kuna mpira wa kuzuia vumbi.

Mpira huo ndio uhai wake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Miezi mingine yote ni jua, upepo na vumbi. Mitaa inayokua kwa kasi, Nkuhungu, Nzuguni, Ntyuka na kwingineko, barabara nyingi bado ni udongo na changarawe yenye vijituta mfululizo. Mpira ukikauka na kupasuka hata mahali padogo tu, vumbi linaingia na kuchanganyika na grisi, na kuanzia hapo ile grisi inafanya kazi ya msasa. Mvua za kwanza zikija, maji yanaingia kupitia ufa uleule, kutu inamalizia. Kwa hiyo gari linaweza kuwa na kilomita chache na bado boljointi zikawa zimekwisha, kwa sababu mpira unazeeka hata gari likiwa limepaki juani.

Sasa, kujua. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pesa nyingi hupotea kwenye hatua hii kuliko kwenye kununua spea.

Shokapu iliyokufa inaliacha gari likipanda na kushuka baada ya tuta. Ukikandamiza buti na kuachia, gari linarudi, linapita, linarudi tena. Boljointi haifanyi hivyo. Yenyewe inagonga kwenye vitu vidogo: jiwe dogo, ukingo wa lami, shimo lisilokufanya hata upunguze mwendo. Inagonga pia ukitoa gia D kwenda R, au ukiachia mafuta ghafla na kukanyaga tena, kwa sababu gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma gari na kila ukibadilisha msukumo, ile nafasi iliyolegea inahama upande. Mlio ni mkavu na mfupi. Shokapu ni nzito zaidi, na mara nyingi hukuacha na alama ya mafuta yaliyovuja kwenye mwili wake.

Halafu kuna kupima kwa mkono. Ukinyanyua gari magurudumu yakaning'inia na kutikisa tairi, unaweza usigundue chochote. Amu zikishuka mpaka mwisho, bushi zote, yale mabomba ya mpira kwenye viungo vya amu, zinajipinda na kukikandamiza kiungo, ulegevu unajificha. Weka jeki chini ya amu inayobeba springi, uipandishe mpaka ifike karibu na usawa wake wa kawaida wa barabarani, ndipo upime. Mpwa wangu alishika tairi juu na chini, mimi nikaweka kidole kwenye mshono kati ya kibebeo na amu. Alipolisukuma, nilisikia kwenye ngozi ya kidole kitu kikihama, tik, kisha kikarudi, tik. Macho hayakuona kitu. Nilipoingiza mtaimbo na kunyanyua kidogo, ndipo hata yeye akaona.

"Mjomba, hii inacheza yenyewe. Shokapu haina habari."

Bushi ya mpira inaruhusiwa kucheza kidogo, imetengenezwa icheze. Boljointi hairuhusiwi hata kidogo. Ukihisi mwendo wowote kati ya tufe na bomba lake, imekwisha, na mjadala umeishia hapo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Boljointi ni spea. Ukiiharibu unanunua nyingine. Tundu la kibebeo siyo spea. Boljointi inakaa kwa kubanwa tu, bomba lake ni kubwa kuliko tundu kwa sehemu ndogo ya milimita, na hiyo tofauti ndogo ndiyo inayoishikilia. Mtu akiingia na nyundo na tindo, boljointi itatoka, ndiyo, lakini itatoka imelalia upande, imekwangua ukuta wa tundu au imelifanya yai. Mpya itaingia kwa urahisi wa kufurahisha, na baada ya muda itaanza kutembea ndani ya tundu. Hapo ndipo utaona watu wanaichomelea kwa nukta za kulehemu ili isitoke. Joto la kulehemu linaunguza grisi na mpira wa boljointi mpya siku ileile, na kibebeo chenyewe hakitafunguka tena kiungwana. Nimeona gari la jirani lililofika hatua hiyo. Dawa yake ilikuwa kutafuta kibebeo kizima kilichotumika, na beringi, na kazi yote kuanza upya. Kwa hiyo kila uamuzi kwenye kazi hii nimeupima kwa swali moja: tundu litabaki salama?

Kinachohitajika ni presi, kifaa kinachosukuma kwa nguvu iliyonyooka bila kupiga. Presi kubwa ya gereji inakulazimu ung'oe kibebeo chote, pamoja na breki na shafti ya gurudumu. Zipo presi ndogo za kuvuta kwa bolti zinazofanya kazi gari likiwa palepale, na ukiweza kuazima au kununua, fanya hivyo. Mimi nilichongesha. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa mashine ya kukereza, nikampa shikamoo yake na boljointi mpya mkononi. Aliizungusha kidogo, akachukua vernia, kile kipimo cha sehemu ndogo za milimita, akapima bomba la nje sehemu tatu tofauti kabla ya kusema neno.

"Mwanangu, kikombe cha kusukuma kisiguse tufe. Kiguse ukingo wa nje tu."

Hilo ndilo lote. Alikereza vikombe viwili vya chuma. Cha kwanza, cha kusukuma, upana wake wa nje ni mdogo kidogo kuliko bomba la boljointi ili kiweze kuifuata ndani ya tundu, na kimechimbwa katikati kiache nafasi ya tufe na mpira. Cha pili, cha kupokea, ni kikubwa: kinakaa kwenye uso wa kibebeo upande wa pili, na boljointi ya zamani inaangukia ndani yake. Katikati inapita bolti ndefu yenye nati na washa nene. Ukikaza nati, vikombe vinasogeleana na boljointi inatoka imenyooka.

Kwenye bolti usibane pesa. Nondo ya uzi inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni chuma laini. Tafuta bolti iliyoandikwa 8.8 au 10.9 kichwani. Zile namba zina maana: 8 ya kwanza ni nguvu ya kukatika, newtoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na 8 ya pili inasema bolti itaanza kuvutika ikifika asilimia 80 ya hiyo. Kwa bolti ya M16, yaani yenye unene wa milimita 16, hiyo ni takriban tani 10. Nondo laini ya unene huohuo inaanza kuvutika kwenye nusu ya hapo, na ikikatika ukiwa umeinamia na spana, madhara yake sitaki hata kuyafikiria. Paka uzi grisi nyingi. Na usikae mbele wala nyuma ya bolti, kaa ubavuni, maana boljointi iliyoshikana kwa kutu inapoachia inatoa mlio wa risasi.

Kuhusu boljointi yenyewe: agiza kwa namba ya chasisi, siyo kwa kusema "ya C-Class". Yangu ilitoka Dar es Salaam kwa basi, nikaichukua stendi ya Nanenane. Kabla ya kulipa ijaribu: tufe lizunguke kwa ugumu laini, bila kukwama na bila kulegea. Likizunguka lenyewe kama limeelea kwenye mafuta, iache. Angalia ile pete nyembamba inayobana mpira pande zote mbili. Kwenye zile za hovyo pete hukaa upande, na mpira utatoka msimu huohuo. Lemförder, kampuni ya kundi la ZF, ni jina linaloaminika kwenye viungo vya magari ya Kijerumani, na kwa sababu hiyohiyo linaigwa. Usiridhike na boksi, shika kitu chenyewe.

Usalama wa kunyanyua una jambo moja ambalo wengi hulipitia haraka. Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiweka gia P, unafunga magurudumu ya nyuma. Ukikaza breki ya kuegeshea, unafunga magurudumu ya nyuma. Ukishayanyanyua hayo, hakuna tena kinachozuia gari lisitembee isipokuwa ulichoweka kwenye magurudumu ya mbele. Kwa hiyo mbele weka kabari za maana, pande zote, mbele na nyuma ya tairi. Stendi zikae chini ya sehemu imara za bodi, na kama uwanja wako ni mchanga kama yalivyo maeneo mengi hapa, weka chini yake vipande vya ubao mpana mgumu, maana mguu wa stendi unadidimia polepole bila kukuaga. Jeki peke yake haishikilii mtu aliyelala chini. Sifanyi kazi hii bila mtu wa pili uwanjani.

Tulianza alfajiri, kabla jua halijawa kali na upepo haujaamka. Tairi lilitoka, bolti tano, spana 17. Kalipa, ile sehemu ya breki inayobana diski, niliifungua kwa ajili ya nafasi, nikaining'iniza kwa waya, isiwe inaning'inia kwa hozi yake. Waya wa sensa ya ABS nikautoa kwenye vishikizo vyake usije ukavutwa. Amu ya chini ina kifuniko cha plastiki, nacho kikatoka na udongo wa kujaza bakuli.

Halafu springi. Hapa sikimbii. Springi imebanwa kati ya bodi na amu, na nguvu yake inaweza kuua mtu. Kwenye gari hili shokapu imefungwa kwenye amu hiyohiyo, kwa hiyo maadamu shokapu imefungwa juu na chini, amu haiwezi kushuka zaidi ya urefu wa shokapu, na springi inabaki imefungwa. Usiifungue shokapu kwa kazi hii. Juu ya hilo, jeki inakaa chini ya amu muda wote, na kabla ya kutoa bolti inayopita kwenye boljointi unapandisha jeki mpaka bolti iwe huru, haijabanwa na uzito. Utajua kwa sababu itazunguka kwa mkono. Ikitoka, shusha jeki taratibu, kidogokidogo, amu ijitenge na kibebeo. Kama bolti haizunguki, usiipige. Pandisha au shusha jeki kwa nywele na ujaribu tena.

Boljointi ikawa wazi. Nilisafisha uso wa kibebeo kwa brashi ya waya, nikapima kwa vernia imezama kiasi gani upande wa ndani na wa nje, nikaandika kwa chaki kwenye ukuta wa nyumba. Ukishaitoa hutakumbuka. Angalia pia kama gari lako lina pete ya chuma inayoifunga boljointi kwenye mfereji. Kwa magari yenye pete hiyo, ukipiga presi bila kuitoa utapasua kitu. Mafuta ya kulainisha kutu nilikuwa nimeyapaka jioni iliyotangulia.

Tukakaza. Mwanzoni nati inakwenda, kisha inakuwa ngumu, kisha ngumu sana, na hapo mtu anatamani nyundo. Mpwa wangu alishaishika.

"Mjomba, nipige moja tu?"

"Iweke chini."

Kinachofanyika pale ni kuacha bolti ikiwa imekazwa, kwenda kunywa chai, na kurudi. Mkazo unaendelea kufanya kazi wakati wewe umekaa. Tuliporudi, robo zamu ya spana, ikaachia kwa ule mlio, na kutoka hapo ikatoka yenyewe kama nati inavyozunguka. Niliingiza kidole kwenye tundu: ukuta laini pande zote, hakuna mkwaruzo. Iliyotoka ilikuwa na tope jekundu kavu pale palipokuwa na grisi, na tufe limelika upande mmoja.

Mpya ilikuwa imelala kwenye friza. Si ushirikina. Chuma kikipoa kinasinyaa: chenye upana wa milimita 40, kikitoka nyuzi 30 za mchana wetu hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, kinapungua kama sehemu 2 kati ya 100 za milimita. Ni kidogo, lakini tofauti inayoishikilia boljointi nayo ni ndogo vilevile, kwa hiyo inasaidia. Nililisafisha tundu kwa kitambaa kikavu, nikapaka mafuta utando mwembamba, nikaianzisha kwa mkono mpaka nilipoona imenyooka kabisa, ndipo vikombe vikaingia. Mwanzo wa kuingia ndio unaoamua. Ikianza kulala upande, simama, irudishe, anza tena. Usitegemee itajinyoosha mbele ya safari. Ikafika kwenye vipimo vya chaki, tukaishia hapo.

Kufunga ni kinyume chake, isipokuwa kwa jambo moja ambalo gereji nyingi hulipuuza. Bolti yoyote inayopita kwenye bushi ya mpira, ukiilegeza, usiikaze mwisho gari likiwa limening'inia. Bushi hizi hazizunguki. Chuma chake cha ndani kinabanwa na bolti na mpira ndio unaojipinda. Ukikaza amu ikiwa chini, halafu ukashusha gari, mpira unaishi umejipinda saa zote, na utachanika mapema. Pandisha amu kwa jeki mpaka usawa wa gari likiwa barabarani, kisha kaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Nati za kujifunga zenye plastiki ndani zinatumika mara moja, nunua mpya. Bolti za tairi za W203 ni Nm 110, kwa mtindo wa nyota, na uzikague tena baada ya safari fupi.

Ile amu ndogo inayoshika mwelekeo wa gurudumu ina bolti yenye kamu ya kurekebishia kule ndani. Sikuigusa, na nakushauri usiiguse. Hata hivyo gari likapimwe alaimenti, yaani mwelekeo, ya magurudumu yote manne, siyo mawili ya mbele kama ilivyozoeleka. Sisitiza, na simama pale uone vipimo vya nyuma kwenye skrini. Tairi langu la nyuma kushoto lilikuwa limelika ndani mpaka nyuzi zinakaribia kuonekana, wakati nje bado lina kashata nzuri. Huo ulikuwa ushahidi uliokuwepo miezi mingi, na hakuna aliyeinama kuutazama.

Kwenye barabara ya Kondoa, lami nzuri ndefu, gari sasa linakwenda nilipolielekeza, na kwenye changarawe ya mtaani kwetu sisikii kitu. Boljointi ya kulia nimeipima kwa jeki na kidole kwa namna ileile: haichezi, lakini mpira wake una ufa upande wa nyuma. Nitaibadilisha kabla ya Desemba, mvua hazijaanza. Vikombe vipo, nimevipaka mafuta nikavifunga kwenye gazeti. Kama uko Dodoma na una W203 inayogonga nyuma, nenda kwa fundi kereza na boljointi mpya mkononi, mwambie kikombe cha kusukuma kiguse ukingo wa nje tu, na bolti iwe 8.8 au zaidi.